‘The Gentlemen’: Uungwana bila kitendo

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, anayefanya utafiti kuhusu tafsiri ya filamu, alinijia wiki chache zilizopita na swali la neno moja tu. “Prof, hii series ya ‘The Gentlemen’ nitaiitaje kwa Kiswahili? Niliandika ‘Waungwana’, msimamizi wangu wa pili akalipiga mstari mwekundu. Anasema wale ni majambazi, si waungwana.”

Nilimwomba wikendi moja. Nilikuwa nimeisikia tu ikitajwa, sijaitazama. Mjukuu wangu akanifungulia runinga, nikaketi na daftari langu, na kufikia Jumapili usiku nilikuwa nimemaliza vipindi vyote 8. Nakiri kwamba nilicheka. Nilicheka sana hata mama watoto akaja kuuliza kulikoni. Ila kadiri nilivyorudia daftari ndivyo mstari ule mwekundu ulivyozidi kunisumbua, maana mwenzangu aliyeuchora ana haki nusu, na mwanafunzi ana haki nusu, na nusu hizo mbili ndizo tamthilia yenyewe.

Kwa asiyeijua, nieleze kidogo. Guy Ritchie, mwelekezi Mwingereza, alitoa filamu yenye jina hilo mnamo 2019. Humo Mmarekani mmoja, Mickey Pearson, ambaye ameigizwa na Matthew McConaughey, ametajirika London kwa kilimo cha bangi. Tatizo lake ni ardhi. Uingereza ni nchi iliyosongamana, na shamba la bangi halifichiki kama shamba la mihogo. Basi Pearson akawaendea makabaila wenye majumba ya fahari na maelfu ya ekari lakini wasio na pesa za kuziba paa linalovuja. Akawapa fungu lao kila mwaka, nao wakamwachia achimbe na kulima chini ya ardhi yao. Juu farasi, chini bangi.

Wazo hilo ndilo lililovuka kutoka filamu hadi runinga. Mnamo Machi 2024 Netflix ilitoa msururu wenye jina lile lile, Ritchie mwenyewe akiwa mbunifu wake na mwelekezi wa vipindi viwili vya kwanza, lakini wahusika wote ni wapya. Eddie Horniman, kapteni wa jeshi aliyekuwa akilinda amani ughaibuni, anaitwa nyumbani babake akiwa taabani. Baba anafariki, wosia unasomwa, na urithi unamruka kifunguamimba Freddy na kumwangukia yeye. Eddie sasa ndiye Duke wa Halstead, yaani kabaila wa ngazi ya juu kabisa baada ya jamaa wa mfalme. Muda si muda anang’amua kwamba marehemu alikuwa na wapangaji chini ya ardhi. Anayekusanya hesabu zao ni Susie Glass, mwanamke mtanashati wa London, kwa niaba ya babake, Bobby, ambaye yuko gerezani akijipikia na kustarehe kama aliye hotelini.

(Hapo pana kosa ambalo Waingereza wenyewe hulicheka. Shamba na kasri vinaweza kurithishwa kwa wosia, lakini cheo cha Duke hakirithishwi hivyo. Hufuata ukoo, na kifunguamimba halali hukipata hata kama babake alimchukia kama ukoma. Kisheria Freddy ndiye angekuwa Duke asiye na shamba, na Eddie mwenye shamba asiye na cheo. Ingekuwa tamthilia bora zaidi, kwa maoni yangu.)

Ritchie si mgeni katika safari ya kutoka sinema hadi runinga. Filamu yake ya kwanza, ‘Lock, Stock and Two Smoking Barrels’ ya 1998, ilizaa kipindi cha Channel 4 mnamo 2000, na ‘Snatch’ nayo ikazaa msururu wake mnamo 2017. Watoto hao hawakufikia urefu wa wazazi wao. ‘The Gentlemen’ ya runinga imefanikiwa kuwapita ndugu zake, na mafanikio hayo yana sababu ambayo wataalamu wa lugha tunaipenda. Ucheshi wake hauko kwenye bunduki. Uko kwenye tafsida.

Tafsida, kama tulivyofunzwa shuleni, ni kulisema jambo kali au la aibu kwa maneno laini. Tunasema fulani amejifungua, ametutoka, amekwenda haja. Pwani ustadi huu ni sehemu ya malezi, na mtoto asiyeujua huambiwa hakufunzwa na mamake. Sasa tazama Eddie na Susie wanavyozungumza. Katika vipindi 8 vyenye maiti wasiohesabika kwa vidole, wawili hawa hawapandishi sauti ila mara chache sana. Mauaji ni tatizo lililotatuliwa. Vitisho ni ushauri. Bangi ni bidhaa, na wanaoilima ni kampuni yenye utaratibu wake. Susie humweleza Duke kwamba ana hiari, na kila mtazamaji anajua kwamba hana. Kaya Scodelario anaigiza mistari hii kwa utulivu wa karani wa benki, na Theo James anamjibu kwa utulivu wa mtu ambaye ukoo wake haujawahi kulazimika kupaza sauti ili chai iletwe.

Kicheko chetu kinatokana na umbali uliopo kati ya neno na kitendo. Hicho ndicho kinaya, na Ritchie anakimudu.

Lakini hebu tuliangalie neno lenyewe. Kiingereza kililitoa ‘gentleman’ katika Kifaransa cha kale, nacho Kifaransa katika Kilatini, na mzizi wake ni ukoo. Huyu ni mtu wa mbari njema, basi. Tabia njema ni maana iliyokuja kupachikwa baadaye, kana kwamba anayezaliwa na mali huzaliwa na adabu pia. Si kila Mwingereza aliyekubali. Katika uasi wa wakulima wa 1381 padre John Ball alihubiri akihoji cheo hicho kilikuwa wapi zama za Adamu na Hawa, na alinyongwa mwaka huo huo.

Neno letu limepita njia hiyo hiyo, na ndipo niliposema mwanafunzi ana haki nusu. Muungwana wa Lamu, Pate au Mombasa ya zamani hakuwa mtu mpole tu. Alikuwa mtu huru, mwenye nasaba na nyumba ya mawe, na kinyume chake hakikuwa mtu mfidhuli bali mtumwa. Uungwana wake ulilimiwa mashamba na watu wasiokuwa waungwana. Sheria ya kuufuta utumwa katika ukanda wetu wa pwani ilikuja 1907 tu. Kwa hiyo tunapomsifu mtu leo kwamba ni muungwana, tunatumia sarafu iliyosuguliwa mpaka sura ya mfalme haionekani tena.

Ila sarafu hiyo ilipokonywa mapema. Katika karne ya 19, wapagazi wa misafara ya kwenda bara, wengi wao wakiwa watumwa au waliokuwa watumwa, walijiita waungwana. Walipofika ng’ambo ya Ziwa Tanganyika hapakuwa na mwenye nyumba ya mawe wa kuwapinga. Jina likashika. Kiswahili walichokieneza mashariki mwa Kongo kikaitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana, nao walikuwa wabeba pembe! Ndiyo maana methali inasema muungwana ni kitendo. Sidhani aliyeitunga alikuwa na nyumba ya mawe.

Nimeizungukia historia hii kwa sababu ndiyo kipimo cha tamthilia. Kichwa chake kinaahidi kutuuliza swali la John Ball na la wapagazi wale. Muungwana ni nani hapa? Ni Duke aliyezaliwa kasrini, au ni binti wa jambazi anayetimiza ahadi zake? Kwa vipindi viwili vya kwanza nilidhani swali linaulizwa kwa dhati.

Tuchukue tukio la kuku, ambalo kila aliyetazama atalikumbuka. Freddy amejiingiza katika deni la walanguzi wa Liverpool ambalo limefika pauni milioni 8. Eddie anatafuta njia ya kulilipa. Lakini Tommy Dixon, mmoja wa wadai, ameudhika. Hataki pesa peke yake, anataka kuombwa radhi. Na radhi anayoitaka ni Freddy avae vazi la kuku, acheze na kuwika kama kuku huku akirekodiwa. Daniel Ings anaigiza tukio hili vizuri mno, na kwangu yeye ndiye mwigizaji bora wa msururu mzima. Mwanzoni tunacheka. Mtu mzima, mwana wa Duke, aliyesomeshwa kwa gharama kubwa, anapiga mbawa za manyoya mbele ya mtu ambaye babu zake Freddy wasingemruhusu kupita mlango wa mbele. Kisha kicheko kinaganda, maana Ritchie hakatizi. Anaacha kamera ikae. Freddy anacheza, anatokwa na jasho, anadhalilika. Halafu anakwenda kuchukua bunduki na kumfyatulia Dixon.

Hapo kuna mgogoro wa kweli wa lugha. Dixon alitaka jambo ambalo matajiri hawajawahi kulitoa, yaani samahani isiyokuwa na tafsida. Fedha wangempa. Samahani inayotamkwa kwa mwili, hadharani, bila maneno ya kuipoza, hiyo waliilipia kwa risasi. Laiti msururu ungelikamata hilo na kulifuata! Lakini kipindi cha pili kinageuka kuwa kichekesho cha kuficha maiti, na kufikia cha tatu hakuna mtu anayemkumbuka Dixon ila nduguye, ambaye naye amefanywa mlokole wa kuchekesha anayenukuu maandiko. Marehemu alikuwa mtu mbaya, sibishi. Lakini kosa lililomuua lilikuwa kutojua nafasi yake, na tamthilia haioni ajabu.

Filamu ya 2019 ilikuwa na kinga dhidi ya upofu huu, na kinga hiyo iliitwa Fletcher. Karibu yote tunayoyaona katika filamu yanasimuliwa na mpelelezi huyu wa kukodiwa, aliyeigizwa na Hugh Grant kwa raha iliyo wazi. Fletcher amekuja usiku kwa msaidizi wa Pearson kudai pauni milioni 20 ili anyamaze, na ushahidi wake ameshaugeuza mswada wa filamu. Ni mwongo, ni mroho, ana mdomo mchafu, na baadhi ya mizaha yake kuhusu Waasia ilikemewa na wahakiki wengi, kwa haki. Hata hivyo Fletcher ana kazi moja ya thamani. Yeye ni mtu wa nje aliyeshika kalamu, na anaita wizi wizi. Alipoondolewa katika msururu wa runinga, hakuja mwingine wa kuchukua nafasi yake. Polisi ni kama wageni wa kupita. Wafanyakazi wa kasri wanajua yote na wanatabasamu. Mlinzi wa pori, Geoff, anayeigizwa na Vinnie Jones, ni mwaminifu kama mbwa wa nyumbani. Tafsida bila wa kuipasua inageuka kuwa lugha ya kawaida.

Hapa lazima niseme neno kuhusu misimu, maana Ritchie wa zamani alikuwa mtu mwingine kwenye suala hili. Katika ‘Lock, Stock’ kuna tukio kwenye baa ambapo mhusika anasimulia kisa kwa msimu wa mashariki mwa London, na chini ya picha yanapita maandishi ya kufasiri. Kiingereza kinafasiriwa kwa Kiingereza! Msimu huo hujengwa kwa vina. Ngazi huitwa tofaa na peasi, kwa sababu neno la Kiingereza la peasi lina kina kimoja na la ngazi. Mke huitwa taabu na ugomvi, kwa sababu hiyo hiyo. Kisha wenyewe hulikata lile neno lenye kina wakabaki na la kwanza, ndipo mgeni apotee kabisa. Wasomaji wangu wa Nairobi wanaijua michezo hii bila kufunzwa. Vijana wetu nao wana karao na sanse kwa polisi, ganji na chapaa kwa pesa, na neno likishajulikana na mzazi wanalitupa wanaokota jingine. Misimu ni ukuta wa wasio na kuta.

Katika ‘The Gentlemen’ ya runinga ukuta huo umebomolewa, na aliyeingia ni mwenye kasri. Susie analazimika kumudu lugha mbili, ile ya ukumbi wa ndondi ambako nduguye anafanyia mazoezi na ile ya meza ya Duke. Eddie hana haja. Lafudhi yake haibadiliki awe na mamake, awe na muuaji. Walanguzi ndio wanaojinyoosha ili wamwelewe. Isimujamii inatufundisha kwamba katika mazungumzo ya watu wa matabaka mawili, aghalabu wa chini ndiye huhama. Msururu unalionyesha hili kwa usahihi mkubwa, sijui kama kwa kukusudia. Kisha unamtuza asiyehama. Mwisho wa yote, Mmarekani bilionea anayeabudu vitu vya makabaila na kutamani kasri la Halstead anaishia gerezani, Eddie aliyeanza kwa kutafuta njia ya kutoka anaamua kubaki, na ardhi inasalia mikononi mwa ukoo ule ule. Tumezungushwa saa nyingi ili turudishwe mlangoni pa kasri.

Wapo watakaosema natia chumvi, hiki ni kichekesho tu, Prof tulia. Lakini Waingereza wenyewe wameshafanya vizuri zaidi ndani ya kichekesho. John Gay alipanda jukwaani 1728 na ‘The Beggar’s Opera’, akawafanya wezi waongee kama mawaziri mpaka mawaziri wakajitambua. Na mnamo 1949 studio za Ealing zilitoa ‘Kind Hearts and Coronets’, filamu ninayoipendekeza kwa kila mwanafunzi wa tafsida. Louis Mazzini, ambaye mamake alifukuzwa na ukoo wa kikabaila kwa kuolewa na mwimbaji, anawaua jamaa zake mmoja baada ya mwingine ili awe Duke. Alec Guinness anaigiza wanane wa ukoo ule, mmoja wao mwanamke. Louis anatusimulia mauaji yake kwa adabu tupu, kama anayeandika barua ya shukrani. Tofauti iko wapi? Louis alijifunza lugha ile akiwa nje ya lango, na kila sentensi yake ya adabu ni kisasi. Adabu ya Eddie hailipizi kitu. Amezaliwa nayo, inamlinda.

Pengine haishangazi. Ritchie ni mwana wa kambo wa kabaila, sehemu ya utoto wake ilipita katika jumba kubwa la Shropshire, na baadaye akanunua shamba lake mwenyewe Wiltshire. Anayajua makasri kutoka ndani. Msururu wenyewe ulipigwa picha Badminton, Gloucestershire, makao ya ma-Duke wa Beaufort, mahali palipoupa jina ule mchezo wa kupiga kigoe kwa raketi. Kamera inayapenda majengo yale. Haiulizi yalijengwa kwa jasho la nani.

Nasi tuna sababu yetu ya kuwa wagumu kidogo. Mnamo Januari 1941 kabaila Mwingereza, Earl wa Erroll, alipatikana ndani ya gari lake pembezoni mwa Nairobi akiwa amepigwa risasi kichwani. Aliyeshtakiwa, Sir Jock Delves Broughton, aliachiliwa, na hakuna aliyewahi kuhukumiwa. Vitabu vikaandikwa, filamu ikatengenezwa 1987, na katika vingi vya hivyo kisa ni cha mapenzi, shampeni na akina bibi warembo. Ardhi ambayo watu wale walikuwa wakistarehe juu yake, na wenyeji waliohamishwa ipatikane, hubaki kuwa mandhari. Hiyo nayo ni tafsida, ya picha badala ya maneno.

Jumatatu mwanafunzi alirudi. Nilimweleza haya yote, akaandika, kisha kama ilivyo kawaida ya vijana akaniuliza, “Sawa, lakini niandike nini?” Tukapima. ‘Mabwana’ ni pana mno, maana kila mwanamume ni bwana kwenye matanga. ‘Makabaila’ linasema ukweli, ila linaua mzaha kabla haujaanza. Ni neno la hotuba za enzi ya Ujamaa, na anayelisikia hategemei kucheka. Akapendekeza, nusu kwa utani, amwachie DJ Afro aitafsiri kwa mtindo wake wa kule vibandani. Sikucheka. DJ Afro angefanya kitu ambacho msururu haukufanya. Angemsimamisha Eddie katikati ya sentensi yake nyororo na kuwaambia watu waziwazi kwamba jamaa ni mwizi. Angekuwa Fletcher wetu.

Hatimaye nilimshauri arudishe ‘Waungwana’, asikubali mstari mwekundu. Neno letu limebeba kasri na utumwa, na limewabeba pia wapagazi waliolinyakua. Kiingereza cha kichwa kile kimebeba kasri tu. Akalirudisha, na akaongeza tanbihi ya ukurasa mzima ambayo mwenzangu wa mstari mwekundu ameshaanza kuilalamikia. Netflix nao waliidhinisha msimu wa pili mwaka ule ule wa 2024. Nitautazama. Nataka kujua kama kuna mtu humo atakayemwita Eddie kwa jina lake.